Wosia wa Jabez Catlow na Midomo ya Thirza

Tulimzika kaka yangu Jabez kwa paja la nguruwe, tena paja nono, lenye afya kuliko alivyokuwa marehemu mwaka mzima. Hapa kwetu Lancashire mtu akizikwa kwa biskuti na chai tupu, waombolezaji hurudi makwao wakinong'onezana kwamba familia imefilisika. Kwa hiyo mimi, Dorcas Catlow, dada mtu, nililichemsha kwa mikono yangu, nikalikata vipande vyembamba, na watu wakala kwa huzuni kubwa sana. Wakili, Bwana Sagar, alihuzunika sahani mbili kabla hajakumbuka kwamba amekuja kusoma wosia.

"Marehemu aliagiza usomwe leo leo, akishafunikwa tu," alisema huku akipangusa masharubu. "Mbele ya familia, na wale wawili walioushuhudia."

Neno wosia lilipotajwa, kilio cha Ellis kikakauka pale pale.

Ellis ndiye mtoto wa kwanza wa Jabez. Alipelekwa shule za mabwana huko kusini angali mdogo, akarudi na kola ngumu na sauti ya puani, hajui kama kitambaa kinafumwa au kinachimbwa. Mkewe Lavinia alivaa hariri nyeusi iliyochakarika kila alipogeuka, na siku hiyo aligeuka sana, maana kila kitu kilichokuwamo sebuleni alikuwa akikitafutia mahali pake pa baadaye.

Na Thirza. Mwanangu Thirza! Mama yake alifariki akimwacha mchanga, nikamlea mimi, akatambaa kwenye vumbi la pamba huku mitambo ya kufuma ikimwimbia. Mpe kitambaa akiwa amefumba macho, atakuonyesha kwa kidole pale uzi ulipokatika. Baba yake alipougua, ndiye aliyeendesha kiwanda, shali begani na viatu vya mbao miguuni kama mfumaji mwingine yeyote. Siku hiyo alikaa akiwa ameelekea dirisha, mikono mapajani, na macho yake, wenzangu, macho yake hayakuwa kwa wakili.

Yalikuwa kwa Reuben Pilling.

Reuben alisimama dirishani, mgongo kwenye kioo, kofia mkononi. Yeye ni fundi mitambo wetu, naye alikuwa mmoja wa wale mashahidi wawili. Sisi wafumaji tunapenda kuwacheka mafundi mitambo. Tunasema ukimtuma fundi mitambo akuletee ngazi, atarudi kukuuliza aje nayo imesimama au imelala. Lakini Reuben! Mabega yale, na macho ya kijivu kama mvua inayotaka kunyesha, halafu isinyeshe, ikuache unangoja tu. Akilala chali chini ya mtambo na nyundo yake, wafumaji wote wa mstari ule hukosea nyuzi. Ningekuwa bado nafuma, mtambo wangu ungeharibika kila siku.

Jabez alikwishasema lake mapema. "Binti yangu hataolewa na mtu anayenuka mafuta ya mitambo." Yeye mwenyewe alinuka mafuta hayo hayo mpaka alipoota mvi, lakini utajiri una sabuni yake.

Shahidi wa pili alikuwa mzee Seth Haydock, mwangalizi wa injini ya mvuke, aliyekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kingemwomba nauli. Nje, uani, wafumaji walikuwa wamejaa tele, wamejitanda shali zao, wanangoja kusikia kiwanda kimemwangukia nani. Mapazia tulikwishayafungua baada ya maziko, wakili apate mwanga.

Bwana Sagar akavaa miwani, akaanza.

"'Mimi, Jabez Catlow, nikiwa na akili zangu zote, ambazo ni nyingi kuliko wanavyodhani wanangu...'"

"Huyo ndiye yeye kabisa," nikasema.

"Shangazi, tafadhali," Ellis akanikata jicho.

"'Mwanangu Ellis nampa nyumba hii ya mawe na hisa zangu zote za reli, kwa kuwa anapenda kukaa, na akichoka kukaa anapenda kusafiri. Mkewe Lavinia nampa vyombo vya fedha, ambavyo amekuwa akivihesabu kwa macho kila Krismasi.'"

Lavinia akawa mwekundu, lakini macho yake yakaenda kabatini. Yalikwenda yenyewe, maskini, kwa mazoea.

"'Seth Haydock nampa saa yangu ya dhahabu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kila asubuhi kwamba imechelewa.'"

Seth akatoa leso akapenga kamasi kwa furaha.

"'Na binti yangu Thirza nampa kiwanda cha Bankfoot, na banda, na injini, na mitambo yote iliyomo, kwa kuwa kati ya wanangu ni yeye peke yake ambaye akiingia mle hazibi pua.'"

Lo! Ellis aliruka kama aliyekalia sindano.

"Kiwanda? Kwa mwanamke? Kwa mtoto wa kike aliyezoea kuvaa viatu vya mbao?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bwana Ellis."

"Nimekwishazungumza na Ormerod! Nimekwishampa mkono! Anakinunua avunje mitambo, auze chuma, ajenge ghala!"

"Umemuuzia Ormerod kiwanda cha Baba," Thirza alisema polepole, "Baba akiwa bado anapumua?"

"Alikuwa anapumua kwa shida," alisema Lavinia.

Mungu nisamehe, nusura nicheke.

Thirza hakucheka. Alikuwa ameinua kidevu, na mashavu yake yamewaka, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya msiba nikauona uhai ukimrudia. Kiwanda ni chake! Akamtazama Reuben, Reuben akamtazama, na kati yao sebule nzima ikawa kama haina watu. Nilijisikia joto mimi, niliyekaa mbali na moto.

"Ngojeni kwanza," Bwana Sagar akasema. "Marehemu hakupenda mawakili. Aliuandika wosia huu mwenyewe, ofisini kiwandani, mara tu baada ya Pasaka, akawaita watu wawili waliokuwa karibu watie saini. Seth Haydock, hii saini ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Reuben Pilling?"

"Ni yangu," Reuben alijibu. "Ila sikusoma kitu. Mzee alikuwa amefunika maandishi kwa karatasi ya kukaushia wino."

"Hukutakiwa kusoma. Vizuri sana." Halafu wakili akamgeukia Seth, akakuna shavu. "Isipokuwa, Seth, pole mzee wangu. Saa hupati."

"Sipati vipi? Si umeisoma hapo?"

"Ndiyo sheria yenyewe. Shahidi wa wosia hawezi kurithi kitu kwenye wosia alioushuhudia. Wosia unabaki halali, ila ile zawadi yake inakufa."

"Yaani mimi nimejinyang'anya saa kwa kalamu?"

"Kwa kalamu yako mwenyewe."

"Basi mpeni mke wangu! Yeye hakutia saini popote, hata kuandika hajui!"

"Mke wa shahidi naye hapati. Aliyekuwa mume au mke wa shahidi siku wosia ulipotiwa saini, hana chake."

Ellis alikuwa hasikilizi habari za Seth. Alikuwa amemvamia wakili kwa maneno, eti baba alikuwa mgonjwa, eti atakwenda mahakamani, eti mwanamke hawezi kuongoza injini, na Lavinia akimtilia maji kila alipokauka koo. Wakapiga kelele wao watatu juu ya ile meza mpaka vikombe vikatikisika.

Mimi nilikuwa namtazama Thirza. Alikuwa mweupe kama sahani.

Sasa hapa lazima mjue kitu kimoja. Kwenye banda la kufuma, mitambo ikishafunguliwa, hata upuliziwe tarumbeta sikioni husikii. Ndiyo maana sisi wafumaji tunasema kwa midomo tu, bila sauti, tukiivuta na kuibinua, mtu na mwenzake aliye upande wa pili wa banda. Tunasengenya hivyo. Tunatongozwa hivyo. Nimewahi kutukanwa hivyo matusi ya mchana kutwa, na hakuna kelele iliyoongezeka. Ellis hakuwahi kujifunza, na Lavinia angeona aibu hata kujaribu. Lakini Thirza alijua tangu anaota meno, na Reuben alijua, na mimi niliyeketi pembeni, nikiwaona wote wawili, sijawahi kusahau hata neno.

Midomo ya Thirza ikacheza.

"Umesikia?"

"Nimesikia," ikajibu midomo ya Reuben. "Nyamaza."

"Mke wa shahidi, Reuben."

"Nimesikia, mpenzi. Usiseme kitu."

"Mimi ni mke wako."

Nilikuwa na kipande cha nguruwe mdomoni. Kikapita njia isiyo yake. Nikakohoa, machozi yakanitoka, Lavinia akaja kunipiga mgongoni kwa nguvu ambazo sikujua mwanamke wa hariri anazo.

Mke! Kupendana nilijua, kiwanda kizima kilijua, hata paka wa stoo alijua. Lakini ndoa? Lini? Kisha nikakumbuka. Mara baada ya Mwaka Mpya Thirza aliaga anakwenda Manchester kununua kofia, akarudi anang'aa kama kinara cha kanisani, na hana kofia. Kumbe!

"Nani anajua?" Reuben alikuwa anaendelea. "Hakuna. Tulifungishwa ndoa kwa mkupuo na maharusi wengine, hata kasisi hakutuangalia usoni. Chukua kiwanda chako. Tukae kimya. Mwakani ukishavua hii nguo nyeusi nitakuja mlangoni na maua, nikuchumbie mbele ya watu, tuoane upya kana kwamba ndiyo kwanza."

"Mwaka mzima bila wewe?"

"Utaniona. Nitakuwa chini ya mitambo yako."

"Sitaki uwe chini ya mitambo. Nataka uwe..." Na hapo akamaliza kwa neno ambalo mimi, mwanamke nisiyewahi kuolewa, sikupaswa kulielewa. Nililielewa vizuri sana.

Masikio ya Reuben yakawa mekundu. Lakini hakulegea.

"Thirza, nisikilize. Umekulia mle. Ukisema neno moja, kiwanda kinakwenda kwa Ellis, Ellis anampa Ormerod, na Ormerod anavunja mtambo baada ya mtambo. Nami nitaishi na wewe nikijua ni mkono wangu huu uliokunyang'anya. Siwezi. Kaa kimya, nakuomba. Mwaka si kitu."

"Mwaka ni mrefu, Reuben."

"Mimi nitangoja."

"Wewe utangoja. Tumbo halitangoja."

"Tumbo gani?"

Mnaona? Ndiyo maana tunawacheka.

Thirza akavuta pumzi. Akaivuta ile midomo taratibu, wazi kabisa, kama unavyomwambia mtu aliye mwisho wa banda asikose hata silabi moja: "Nina mimba yako, mpumbavu wangu."

Kofia ya Reuben ikadondoka. Ule uso! Nimeona watu wakipewa habari za kifo, nimeona wakipewa habari za mali, lakini sijaona uso wa mwanamume ukipasuka kama ule, uoga na furaha vikigombania nafasi moja. Akapiga hatua, akakumbuka yuko wapi, akarudi nyuma, akapiga kisigino kwenye ukuta.

Na hapo, huko nje, dunia ikalipuka.

Mkumbuke Thirza alikuwa ameelekea dirisha. Akimtazama Reuben, haoni kingine. Na nyuma ya Reuben, kwenye kioo, walikuwamo wafumaji wetu wote, pua zimebanwa kiooni, wanasoma. Wakili hawakuweza kumsoma, masharubu yake yamefunika maneno yote, kwa hiyo sheria ya mashahidi hawakuijua. Lakini midomo ya Thirza waliisoma neno kwa neno. Mke wako. Nina mimba yako. Binti aliyeishi maisha yake yote na watu hao alikuwa amesahau kitu kimoja tu, kwamba mbele yao hakuna kunong'ona.

Viatu vya mbao vikaanza kupigwa juu ya mawe ya uani. Vifijo, vigelegele, shali zinarushwa juu. Mama mmoja mnene aliyekuwa mbele kabisa akakunja mikono kifuani, akawa anaibembeleza hewa, kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Kuna nini huko?" Ellis akageuka.

"Yule mwanamke ameshikwa na kifafa?" Lavinia akauliza.

"Anawakumbuka wajukuu zake," nikasema haraka. "Msiba huwafanya hivyo."

"Na hao wengine?"

"Wamesikia paja la nguruwe limebaki."

Thirza alikuwa amewaona sasa. Mkono mdomoni, macho yamemtoka. Lakini wao wako nje, na Ellis haelewi kitu, na nilipomtazama mwanangu nilijua anachofikiri. Bado anaweza. Akinyamaza, kiwanda ni chake. Nikitoka uani nikawaambia wale watu wafunge midomo, wataifunga mpaka kaburini, nawajua. Ilibaki yeye tu. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

Reuben hakugeuka hata kutazama kelele. Midomo yake ilikuwa inarudia neno moja. Nyamaza. Nyamaza. Nyamaza, mpenzi.

Ni Ellis aliyelimaliza jambo hilo, na kama angekuwa na adabu kidogo sijui ingekuwaje.

"Wewe, fundi," alisema bila kumtazama. "Saini yako umeshaithibitisha. Okota kofia utoke. Mlango wa jikoni unaujua."

Thirza akasimama.

"Mume wangu hapiti mlango wa jikoni."

Hata hariri ya Lavinia iliacha kuchakarika.

"Mume wa nani?" Ellis akauliza.

"Wangu."

"Anatania!" Reuben akapaza sauti, na sauti yake, iliyozoea kushindana na mitambo, ikatingisha kioo. "Msimsikilize! Msiba umemchanganya! Mimi huyu simjui!"

"Hunijui?" Thirza akamgeukia.

"Na... nakujua kidogo."

"Kidogo?" Akaweka mkono tumboni. "Kidogo hicho kimetosha."

Lavinia akakaa, na hapakuwa na kiti.

Hakuna aliyemwinua. Bwana Sagar alikuwa amevua miwani. Nilimwona kwamba ni mtu mwema, kwa jinsi alivyozungumza polepole.

"Binti yangu, unajua unachokisema? Mlioana lini?"

"Mwaka Mpya. Manchester."

"Na wosia ni wa Pasaka. Kwa hiyo siku ile Reuben anatia saini..."

"Nilikuwa mke wake. Ndiyo. Futa jina langu, Bwana Sagar."

"Thirza!" Reuben alikuwa karibu kulia. "Kiwanda chako!"

"Nakipenda," Thirza alisema, na sasa macho yake yalikuwa yanawaka, na sijawahi kumwona mzuri kiasi kile. "Nakipenda mpaka sasa hivi kifua kinaniuma. Nikifumba macho naijua sauti ya kila mtambo. Lakini niingie mle kila asubuhi, nikupite wewe, nikuambie habari za asubuhi Bwana Pilling, nami nimebeba mtoto wako? Azaliwe watu wakiulizana baba yake ni nani, na baba yake amelala chali chini ya mtambo hatua chache kutoka hapo, amefungwa mdomo? Hapana. Ellis, chukua kiwanda. Mimi huyu nampeleka nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Lavinia aliuliza kutoka sakafuni. "Hamna nyumba!"

"Popote atakapovua viatu vyake, wifi."

Akamwendea Reuben. Akaokota ile kofia, akaipangusa vumbi kwa mkono wa gauni lake jeusi, akamvisha mwenyewe. Kisha akamshika mkono mbele yetu wote, wakapita katikati ya sebule, wakatoka kwa mlango wa mbele, ule ambao Jabez aliufungulia makasisi na wenye benki peke yao. Kelele zilizowapokea huko nje zilinisimamisha nywele.

Mlango ulipofungwa, Ellis alianza kucheka. Alicheka mpaka kola ikamkaba.

"Umesikia, Lavinia? Kiwanda kimerudi! Mjinga yule amejimaliza mwenyewe! Kesho asubuhi Ormerod aje na mikokoteni!"

"Bwana Ellis," wakili akasema.

"Fundi mitambo! Shemeji yangu fundi mitambo! Lakini sawa, sawa, wacha awe..."

"Bwana Ellis, sijamaliza kusoma."

"Kuna nini cha kusoma tena? Zawadi imekufa, mimi ndiye mtoto wa kwanza."

"Zawadi ikifa haiendi kwa mtoto wa kwanza. Inaangukia kwenye mabaki, na mabaki yana mwenyewe. Nimekuwa nikitaka kufika huko tangu mlipoanza kupiga kelele." Akarudisha miwani, akasogeza karatasi kwenye mwanga. "'Na chochote kitakachobaki, au kitakachokosa mwenyewe kwa sababu yoyote ile, ni cha dada yangu Dorcas. Yeye ndiye aliyenifundisha kufuma, na tangu siku ile hakuacha kunicheka. Aendelee.'"

Nawaambia, wenzangu, sikucheka. Mimi! Nilimwona Jabez wazi kabisa, ana miaka kumi, amekalia benchi karibu nami, anakata uzi, ananuna. Machozi yakanijia, nikayaacha yaje, maana siku nzima nilikuwa nachemsha na kukata na sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia ndugu yangu.

"Saa ya mzee Seth nayo imo kwenye mabaki?" niliuliza nikijifuta uso.

"Imo."

"Seth, chukua saa yako. Nakupa mimi, na sikutia saini popote."

Seth akaifumbata ile saa kama kifaranga. Ellis alikuwa amesimama na mdomo wazi. Kisha, taratibu, ule mdomo ukajipanga, ukawa tabasamu.

"Shangazi mpenzi," akasema. Hajaniita hivyo tangu alipojua kuvaa suruali. "Unaketi mbali na moto! Lavinia, inuka, mletee Shangazi mto. Unajua, Shangazi, kiwanda ni mzigo kwa mtu wa umri wako. Mimi na wewe tutazungumza na Ormerod..."

"Mwite Ormerod," nikasema. "Mwite kesho, aje ale lile paja lililobaki. Mengine hayapo."

"Na nyumba yetu hii ina chumba kizuri cha juu, chenye jua," Lavinia alisema akiwa na mto mkononi, vumbi la zulia kwenye hariri. "Ungependa kukaa nasi?"

"Nitakuja Krismasi, mwanangu. Nivihesabu vyombo."

Nikavaa viatu vyangu vya mbao, nikatupia shali begani, nikatoka. Nilikuwa nakimbia. Mwanamke wa umri wangu hakimbii, lakini habari ilikuwa inaniwasha ulimi kama pilipili. Kiwanda ni chako, Thirza! Chako na cha huyo mtu wako, na mtoto wenu atambae kwenye vumbi lile lile! Nilipita kati ya wafumaji, wananikumbatia, wananiuliza, nawasukuma, nataka kufika.

Niliwakuta nyuma ya ukuta wa nyumba ya injini, mahali ambapo upepo haufiki. Reuben alikuwa amemvisha koti lake. Alikuwa amemshika uso kwa mikono yake miwili, mikono ile myeusi ya mafuta ambayo hakuna sabuni inayoiweza, na Thirza hakujali mafuta hata kidogo.

"Sema tena," Thirza alikuwa anamwambia.

"Mke wangu."

"Kwa sauti. Nimechoka kukusoma."

"Mke wangu!" Njiwa wakaruka kwenye paa la banda. Thirza akacheka na kulia pamoja, na wakabusiana, na mimi nikasimama kwenye kona ya ukuta kama mwizi.

Mdomo niliufungua niseme. Nikaufunga.

Kwa sababu Reuben alikuwa ameanza kupanga. Alikuwa anapanga maisha ya watu wasio na kitu, kwa haraka, kwa furaha, kama mtu aliyepewa dunia nzima. Watakwenda Burnley. Kule kuna banda ambapo mtu hukodi nafasi kidogo pamoja na nguvu ya injini, ukaweka mtambo wako mmoja, wa kuanzia, hata mkuukuu, atautengeneza yeye. Thirza afume, yeye atafanya kazi za watu usiku na mchana. Watapanga chumba. Chumba chenye dirisha, kwa ajili ya mtoto.

"Na meza," alisema Reuben. "Nitaitengeneza mwenyewe. Na kiti chako. Kitanda tutanunua baadaye, tukipata."

"Kitanda kwanza," alisema Thirza.

"Meza kwanza, mpenzi. Tutakula wapi?"

"Tutakula kitandani."

Nikajua kwamba kesho watakuwa mabwana wa Bankfoot. Watalala wakifikiria bei ya pamba, wataamka wakigombana kuhusu makaa ya mawe, na Reuben atavaa kola. Kiwanda ni cha mawe, hakikimbii. Nitawapa habari zake baada ya chai. Lakini hawa wawili, hivi walivyo, hawana hata kijiko, na wamejaa hivi, nani angekuwa na moyo wa kuwakatiza?

Thirza akainua uso begani kwa mumewe, akaniona.

"Shangazi! Mbona unacheka? Si tumepoteza kila kitu?"

"Ni baridi tu, mwanangu," nikasema. "Endeleeni. Mlikuwa mmefika kwenye kitanda."